Ukinunua, Unamwajiri Nani?

Wanaohimiza watu wanunue bidhaa za ndani husema jambo moja kwa sauti kubwa na kulinyamazia lingine. La sauti kubwa ni kwamba ukinunua cha nje unamlipa mfanyakazi wa nje. Wanalolinyamazia ni kwamba hata ukinunua cha ndani, sehemu nono ya pesa yako yaweza kuwa imeshavuka mpaka kabla hujafika nyumbani na mfuko wako. Lebo haikuelezi hilo. Bei nayo haikuelezi mpaka uipasue.

Kipimo ninachokiamini kina maswali mawili. Katika kila 100 unayotoa, ni ngapi inayogeuka mshahara wa mtu anayefanya kazi humu nchini? Na pesa hiyo, kama usingenunua kitu hiki, ungeitumia wapi? La pili husahaulika mno, na ndilo linalovuruga hesabu za watu wenye nia njema.

Kuipasua bei

Bei ya dukani ina tabaka. Juu kabisa kuna kodi ya mauzo. Chini yake kuna fungu la mwenye duka: pango, umeme, wauzaji, mali inayoharibika au kuibwa, na faida. Halafu fungu la muuzaji wa jumla, usafiri na ghala, na kama bidhaa imetoka nje, ushuru wa forodha na gharama za bandarini. Ukishayavua yote hayo ndipo unapokutana na bei ya kiwandani, ambayo nayo ina malighafi, mishahara, umeme, riba ya benki, uchakavu wa mashine na faida ya mwenye kiwanda.

Watu wengi hudhani tabaka za juu ni nyembamba. Mwaka 2011 watafiti wa Benki Kuu ya Marekani tawi la San Francisco walizipima kwa bidhaa zenye lebo ya China. Walikuta kwamba katika kila dola moja ambayo Mmarekani aliitoa kununua bidhaa hizo, senti 55 zilibaki Marekani kwa kulipia usafirishaji, maduka, matangazo na huduma nyingine. Upande wa pili wa sarafu ulionekana kwenye simu ya iPhone 3G ya mwaka 2009. Gharama ya kuitengeneza ilikadiriwa kuwa dola 178.96, na katika hizo ni dola 6.50 tu zilizolipia kazi ya kuiunganisha China. Simu ilihesabiwa yote kuwa ya China kwenye takwimu za biashara, ilhali vipande vyake vya thamani vilitoka Japani, Korea Kusini, Ujerumani na Marekani kwenyewe.

Basi tuchukue shati. Namba zifuatazo ni za mfano, lakini uwiano wake si wa ajabu kwa mtu aliyewahi kukaa na vitabu vya hesabu vya kiwanda cha nguo.

Shati la kuagiza linauzwa 100. Hapo 45 inabaki ndani kwa duka, jumla, usafiri, kodi na ushuru; 55 inakwenda nje. Shati la kushonwa ndani nalo linauzwa 100. Duka, usafiri na kodi vinachukua 40, kiwanda kinapata 60. Katika hiyo 60 ya kiwanda, 35 inanunua kitambaa, uzi na vifungo, na vyote hivyo vinatoka nje. Mishahara ya washonaji, wakataji na wapiga pasi ni 14. Umeme, pango na matengenezo 6. Faida 5.

Tazama kilichobadilika. Kwa shati la kuagiza 55 imetoka, kwa shati la ndani 35 imetoka. Umeokoa 20, na 14 kati yake ni mshahara wa kiwandani. Ni jambo la maana, ila ni dogo kuliko lile 100 la kwenye bango la kampeni. Tena angalia fungu kubwa liko wapi: kwenye kitambaa. Mnunuzi akiuliza kiwanda "kitambaa mnakitoa wapi?" ameuliza swali zito kuliko "mmeshonea wapi?", kwa sababu kitambaa kinabeba usokotaji, ufumaji na utiaji rangi, hatua tatu zenye ajira zake, na nyuma yake kuna mkulima wa pamba. Nchi nyingi zimebaki na ushonaji tu, hatua ya mwisho kabisa, ambayo mashine zake hubebeka kwenye kontena na kuhamishiwa nchi nyingine ndani ya miezi michache.

Sasa swali la pili. Tuseme shati la ndani ni 130 badala ya 100. Kwa uwiano uleule, mishahara ya kiwandani inapanda hadi kama 18. Safi. Lakini ile 30 ya nyongeza imetoka wapi? Kama uliikata kwenye pesa uliyokuwa umlipe fundi viatu, kinyozi au mwalimu wa jioni, umekata mahali ambapo pesa nyingi ni kazi tupu ya mikono na akili ya mtu wa hapahapa. Katika 30 ya huduma kama hizo si ajabu 20 na zaidi kuwa ujira. Ukijumlisha na kutoa, ajira haijaongezeka. Umeihamisha tu kutoka kwa fundi kwenda kiwandani. Kama 30 ile ungeitumia kununua kifaa kingine cha kuagiza, hapo kweli umeongeza. Nunua cha ndani cha bei ya juu kwa kukata manunuzi ya nje. Usikikatie huduma za jirani.

Kuna na mzunguko wa pili. Mshonaji aliyelipwa naye ananunua. Mwaka 1931 mwanauchumi Mwingereza Richard Kahn aliandika hesabu ya jambo hili, na ni nyepesi kuifuata. Kama katika kila 100 inayopokelewa 40 hutumika tena kwa kazi za ndani, unapata 100, kisha 40, kisha 16, kisha 6.4, na jumla inakaribia 167. Kama ni 20 tu inayobaki, jumla inaishia 125. Kwa hiyo ukimsikia mtu anadai kwamba pesa ikitumika nyumbani huzunguka mara saba, jua anasema kwamba 86 katika kila 100 hubaki ndani na kutumika tena ndani. Haiwezekani katika nchi inayoagiza mafuta, mashine na dawa. Madai makubwa kama hayo yanawapa wapinzani wa bidhaa za ndani nafasi ya kucheka, na hayana haja, maana hata 125 ni bora kuliko sifuri.

Njia unayonunulia

Asili ya bidhaa inazungumzwa sana, njia ya kununulia haizungumzwi. Rudi kwenye shati la kuagiza: 45 ilibaki ndani kwa sababu kulikuwa na mwagizaji, ghala, lori na duka. Ukiagiza shati hilohilo moja kwa moja kwa simu kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo, likaja kwa kifurushi cha posta, karibu tabaka zote hizo zinatoweka. Anabaki mtu wa kusambaza vifurushi. Mabadiliko ya njia yanaweza kuondoa pesa nyingi nchini kuliko mabadiliko ya bidhaa yenyewe: kwa mfano wetu, kutoka shati la ndani kwenda la kuagiza la dukani, 20 imepotea, kutoka la dukani kwenda la kifurushi inaweza kupotea 30 au zaidi.

Serikali zimeliona hili. Marekani iliruhusu vifurushi vya hadi dola 800 kuingia bila ushuru, na mwaka 2025 ikaufuta msamaha huo, kwanza kwa China kisha kwa nchi zote. Muuzaji wa duka alikuwa akishindana na mtu asiyelipa ushuru anaolipa yeye. Anayenunua kwa kifurushi huona bei nafuu na kudhani ni ufanisi. Mara nyingine sehemu ya unafuu huo ni kodi ambayo haikulipwa.

Lebo zinasema nini hasa

Neno "imetengenezwa" halina maana moja duniani. Kwenye forodha, kanuni ya kawaida ni kwamba bidhaa ni ya nchi ile ambamo ilipata badiliko kubwa la mwisho. Namna mojawapo ya kulipima badiliko hilo ni kuangalia kama namba ya bidhaa katika orodha ya forodha ya kimataifa imebadilika katika tarakimu zake nne za mwanzo. Kitambaa kikigeuka shati, namba inabadilika. Shati likitiwa kwenye mfuko mpya na kupachikwa kitufe, haibadiliki. Kwa matangazo ya ndani, kanuni zaweza kuwa kali zaidi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, inataka bidhaa inayodaiwa kuwa ya Marekani iwe yote au karibu yote imetoka huko, na tangu Agosti 2021 kanuni hiyo ina faini nyuma yake.

Wafanyabiashara wajanja hucheza na vitenzi. "Imeunganishwa" maana yake vipande vimetoka kwingine. "Imefungashwa" ni kazi ya siku moja ya vibarua wachache. "Imesanifiwa" yaweza kuwa mtu mmoja mbele ya kompyuta. "Inasambazwa na" haisemi lolote kuhusu utengenezaji. Ni anwani ya ofisi tu. Ukikuta bidhaa ina anwani kubwa ya kampuni ya ndani na hakuna popote palipoandikwa imetengenezwa wapi, chukulia imetoka nje mpaka uthibitishiwe vingine.

Kwenye nguo, amini lebo iliyoshonewa ndani ya mshono wa ubavuni au shingoni kuliko ile ya karatasi inayoning'inia. Ya karatasi huwekwa mwishoni, na mtu yeyote mwenye kifaa cha kupachikia lebo. Ukikuta shingoni pamefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi usiolingana na mishono mingine, lebo imebadilishwa.

Na hii barkodi. Kila baada ya muda unazunguka ujumbe kwenye simu unaosema tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha bidhaa ilikotengenezwa: 616 Kenya, 620 Tanzania, 690 hadi 699 China. Namba hizo ni za kweli, maelezo yake ni ya uongo. Zinaonyesha tawi la nchi gani la GS1, shirika linalotoa namba za barkodi, ambako kampuni ilisajili namba zake. Kampuni iliyosajiliwa kwa 620 inaweza kuchapa namba hiyo kwenye pakiti iliyojazwa Vietnam, na kiwanda cha humu kinachofungasha kwa niaba ya kampuni ya Ulaya kitabeba namba ya Ulaya. Ukichagua kwa barkodi unaweza kuwa unamwadhibu mfanyakazi uliyetaka kumsaidia.

Kampeni zenyewe zimewahi kuumbuka kwa jambo hili. Mwaka 1968 Uingereza ilikumbwa na shamrashamra za I'm Backing Britain, bendera kila mahali, watu wakijitolea kufanya kazi nusu saa zaidi bila malipo. Ikagundulika kwamba fulana zilizouzwa kwa ajili ya kampeni zilitengenezwa Ureno, kwa sababu za Uingereza zilikuwa ghali.

Oda inavyogeuka ajira

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawana picha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiwanda cha kushona hupima kazi kwa dakika. Shati la mikono mirefu lenye kola, kwa mshonaji stadi asiyesimama, huhitaji dakika 20 hivi za kushona, kutegemea mifuko na aina ya pindo la mkono. Siku ya kazi ina dakika 480. Hakuna mstari wa ushonaji unaotumia zote: uzi hukatika, mashine husubiri fundi, vipande vya mwenzako vinachelewa kukufikia. Mstari wa kawaida usio na sifa hufikia nusu, yaani dakika 240 za kazi halisi. Gawanya kwa 20 upate mashati 12 kwa kila mshonaji kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni 312, kwa mwaka 3,744.

Hiyo ndiyo bei ya ajira moja ya mshonaji kwa mashati: karibu 3,700 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Mtu anayenunua mashati manne kwa mwaka ni mmoja kati ya watu 936 wanaohitajika kumweka mshonaji mmoja kwenye kiti chake. Usikate tamaa kwa namba hiyo, lakini pia usijidanganye kwamba shati moja ulilonunua siku ya uzalendo limemwajiri mtu.

Kinachofuata ni muda. Oda zikipanda ghafla, mwenye kiwanda haajiri. Kwanza anauza alichonacho stoo. Kisha analipa saa za ziada kwa waliopo. Kisha anachukua vibarua. Anayeajiriwa kwa mkataba huja mwisho, baada ya mwenye kiwanda kuona oda zimesimama kwa miezi kadhaa, kwa maana kumfundisha mshonaji mpya mpaka afikie kasi ya wenzake huchukua wiki nyingi, na kumwachisha kuna gharama zake kisheria. Kampeni ya mwezi mmoja kwa hiyo humaliza stoo, huleta saa za ziada, na mwezi unaofuata kiwanda kina utulivu wa makaburini. Afadhali watu wachache wanaonunua kwa ratiba ileile kila mwaka kuliko umati wa wiki moja.

Kingine kinachowashangaza watu ni mitindo. Kila mtindo mpya ukiingia mstarini, siku za kwanza ufanisi, yaani sehemu ya dakika 480 inayokuwa kazi halisi, huporomoka hadi robo hivi, kwa sababu mikono bado inajifunza. Oda ya mashati 80 ya mtindo wa pekee inakwisha kabla mikono haijazoea. Kiwanda kinachoshona mitindo mingi kwa oda fupi kitakuwa ghali hata kama mishahara yake ni midogo, na mnunuzi atasema "vya ndani ni ghali" bila kujua kwamba tamaa yake ya mitindo ndiyo iliyopandisha bei. Mtindo mmoja ukikaa mstarini kwa wiki kadhaa na ufanisi ukapanda hadi 65%, mshonaji yuleyule anatoa mashati 15 au 16 kwa siku. Kweli, hapo kila ajira inahitaji mashati mengi zaidi, karibu 4,870 kwa mwaka. Ila bei inashuka, kiwanda kinaweza kushindana na cha kuagiza, na kiwanda kilicho wazi kinaajiri zaidi ya kilichofungwa.

Fundi

Kwa pesa ileile, matengenezo huleta ajira nyingi kuliko bidhaa mpya, ila si kila tengenezo. Njia ya kujua ni kumwomba fundi bei mbili: ya kipuri na ya ufundi. Kubadili zipu ya koti, kipuri ni kidogo na ufundi ndio bei. Kushona soli, vivyo hivyo. Kusuka upya mota ya umeme kuna waya wa shaba wa kununua, lakini kazi ya kuhesabu mizunguko, kuchovya vanishi na kukausha ni ya saa nyingi. Kubadili kioo cha simu ni kinyume chake: kioo kinatoka nje na kinameza sehemu kubwa ya bei, fundi anabaki na kidogo. Bado ni bora kuliko simu mpya, ila usilihesabu sawa na lile la mota.

Bei hizo mbili zitakufunza pia jambo kuhusu kupatana. Tuseme jumla ni 100, kipuri 60, ufundi 40. Ukilalama mpaka akashusha hadi 80, bei ya kipuri haijasogea, aliuziwa 60 na mwenye duka la vipuri. Ile 20 yote imetoka kwenye ufundi. Umemkata nusu ya ujira wake kwa punguzo uliloliona la 20%. Hapo fundi ana njia moja ya kujiokoa: kipuri cha bei ya chini, ambacho kitakufa mapema na kukurudisha kwake. Ukitaka kupatana, patana kabla ya kipuri kununuliwa, na uulize kuna madaraja mangapi ya kipuri hicho.

Kikomo ninachokitumia: kipuri peke yake kikizidi nusu ya bei ya kitu kipya, na kitu chenyewe kimeshatengenezwa mara mbili kwa ugonjwa uleule, kiache. Ugonjwa unaorudi una chanzo ambacho hakijaguswa, mara nyingi umeme usiotulia au kifaa kufanyishwa kazi kuzidi uwezo wake.

Kuna nchi zilizoweka sera kwa ajili ya mafundi. Sweden mwaka 2017 ilipunguza kodi ya matengenezo ya baiskeli, viatu na nguo kutoka 25% hadi 12%. Ufaransa ilianza Januari 2021 kulazimisha bidhaa kama simu, televisheni na kompyuta za mpakato zionyeshe alama inayosema zinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Austria ilianza Aprili 2022 kulipa nusu ya gharama za kutengeneza vifaa vya umeme, hadi euro 200. Hata pale ambapo hakuna sera ya namna hiyo, alama za Ufaransa huchapishwa wazi, na mtu popote alipo anaweza kuziangalia kabla ya kuchagua modeli.

Nguo za mitumba zinastahili neno moja katikati ya haya, maana zina sura mbili. Utafiti wa Garth Frazer uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba uagizaji wa mitumba ulieleza karibu 40% ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000, na karibu 50% ya kushuka kwa ajira katika sekta hiyo. Papo hapo, mtumba hupita kwa wachambuzi, wauzaji na mafundi cherehani wa kupunguza na kupanua. Kuzifungia mlango kuna gharama zake: Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, Marekani mwaka 2018 iliisimamishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na nchi za Afrika.

Ushuru kwa jumla ni chombo kizito kwa kazi hii. Marekani mwaka 2018 iliweka ushuru kwenye mashine za kufulia. Bei zilipanda kwa 12% hivi, na mashine za kukaushia, ambazo hazikuwekewa ushuru, zikapanda nazo kwa sababu huuzwa kwa jozi. Zilipatikana ajira karibu 1,800. Watafiti walipogawa gharama waliyobebeshwa wanunuzi kwa ajira hizo, walipata kama dola 815,000 kwa kila ajira, kwa mwaka.

Oda ya pamoja

Turudi kwenye wale watu 936. Hawapatikani kwa kuhubiri, wanapatikana kwa oda za pamoja: shule, hospitali, kampuni ya ulinzi, kwaya, chama cha akiba na mikopo. Oda moja ya watu 500, mashati mawili kila mmoja, ni zaidi ya robo ya mwaka ya mshonaji mmoja. Kwa makadirio ya Shirika la Biashara Duniani, manunuzi ya serikali pekee huwa 10 hadi 15% ya pato la taifa. Ndiyo maana Marekani ina sheria ya kununua vya nyumbani tangu 1933, ambayo kiwango chake cha vipande vya ndani kilikuwa 60% mwaka 2022, kimefika 65% mwaka 2024 na kitakuwa 75% mwaka 2029.

Oda hizi hukwama mahali palepale kila mara: tarehe. Kamati inakaa, inabishana rangi, inaweka oda wiki tatu kabla ya siku ya kuvaa. Kiwanda hakina kitambaa hicho stoo. Anatokea msambazaji mwenye kontena lililokwisha kufika, na oda inakwenda kwake. Hakuna aliyeamua kununua vya nje. Kalenda ndiyo iliyoamua. Anza miezi minne kabla.

Kazi ya kwanza ni kitambaa. Shati la mikono mirefu la mtu mzima hula kama mita 1.6 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150, kikipangwa vizuri mezani. Kwa mashati 1,000 ni mita 1,600, ongeza 4% kwa vipande vibovu na mabaki ya mwisho wa jora, ziwe 1,664. Taka majora yote yatoke katika mkupuo mmoja wa rangi. Mikupuo miwili ya rangi "ileile" hutofautiana, na utaigundua watu wakisimama pamoja juani. Kabla ya kukubali, kata kipande, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, kifue na kukikausha mara tatu, upime. Upande ukipungua zaidi ya sentimita 1.5, kimenywea kupita 3%, na mashati yatabana baada ya mwezi. Usiishie kufua mara moja, kwani vitambaa vingine humaliza kunywea katika fuo la tatu.

Pima watu wenyewe, usikisie saizi. Kukisia kunaacha rundo la saizi ndogo ambazo hakuna anayezitaka na uhaba wa kubwa, na lawama zote humwangukia mshonaji. Kubaliana sampuli moja iliyoshonwa kwa kitambaa halisi, itieni saini pande zote mbili, kila upande ubaki na nakala yake. Bila sampuli iliyosainiwa, mgogoro wowote wa ubora unakuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Katika mkataba au zabuni andika mambo mawili tofauti: kushonewa ndani, na kitambaa kufumwa ndani pale kinapopatikana kwa ubora uliotajwa. Ukiandika "bidhaa ya ndani" peke yake, utaletewa shati la nje lililotiwa kwenye mfuko wa ndani, na kisheria huna pa kushika. Omba risiti ya ununuzi wa kitambaa, na haki ya kutembelea kiwanda siku yoyote ya ushonaji bila taarifa.

Malipo ndiyo yanayoua karakana ndogo kuliko ushindani wa nje. Toa arbuni ya 40% ili kitambaa kinunuliwe taslimu, maana anayekinunua kwa mkopo anakiongezea riba na riba hiyo utailipa wewe. Salio lilipwe ndani ya siku 14 baada ya mzigo kukaguliwa. Taasisi inayolipa baada ya siku 90 inakopeshwa na washonaji, na mwakani haitapata mshonaji wa kuweka bei. Itapata msambazaji mwenye mtaji na kontena. Zuia 5% kwa mwezi mmoja kwa ajili ya mishono itakayofumuka na vifungo vitakavyong'oka, kisha iachie bila kusumbua.

Oda ya nyongeza, ile ya wafanyakazi wapya na saizi zilizokosewa, iwekwe wakati mstari bado unashona mtindo wenu. Mashati 60 yakiingia siku hizo yanashonwa kwa kasi na bei ileile. Yakija baada ya mstari kubadilishiwa mtindo, ni kuanza upya, na kiwanda kitakuwa na haki ya kukutoza zaidi kwa kila shati.